Mtungi wa Mama Mezani pa Makumbusho

Jumapili asubuhi, Newala.

Ukungu umeingia mpaka barazani. Hapa nilipokaa siuoni hata mkorosho wa kwanza, na uko hatua kumi tu. Baridi ya huku juu mwezi wa sita nilikuwa nimeisahau. Nimejitanda kanga mbili juu ya sweta la kaka, na bado vidole vinagoma kubonyeza simu.

Kaka amesema tusubiri ukungu upande ndipo twende. Basi nasubiri. Na kwa kuwa nikikaa bure nitatafuta sababu ya kuondoka, naandika.

Sijui nani anasoma humu. Mdogo wangu ndiye alinifungulia ukurasa huu, akasema, dada, badala ya kutembea na mambo kifuani, yaweke huku. Mie niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyosema. Siku nyingine nimeweka habari za vitumbua na kwaya. Leo naweka lililo zito.

Tangu mama yangu azikwe, sijawahi kwenda kwenye kaburi lake.

Miaka tisa. Na kaburi lenyewe liko nyuma ya nyumba hii, ukishapita mikorosho. Huko Masasi wananijua kama mama Zawadi, mama wa vitumbua, mama anayelia kanisani hata kwenye harusi. Hili hawalijui. Nikipanda Newala kusalimia, nakaa uani, nasaidia kupika, nachambua mbaazi, jioni nasema gari litaniacha. Kaka Hilari hajaniuliza hata siku moja. Angeniuliza ningemjibu uongo, ningepumua. Haulizi. Ananisindikiza tu mpaka barabarani.

Sasa ngoja nieleze ya jana.

Pale Masasi tuna makumbusho madogo, nyumba ya zamani ya mawe yenye vyumba vitatu, imekaa chini ya mwamba. Kila likizo ya mwezi wa sita wanafanya maonyesho na shughuli za watoto na wazazi. Mwaka huu walisema kila mtoto alete kitu kimoja cha bibi au babu yake, akisimulie mbele za watu. Jana ndiyo ilikuwa siku ya familia.

Zawadi wangu ana miaka kumi na moja. Wiki ya kwanza ya likizo alikuwa huku kwa mjomba wake. Akarudi na kitu amekifunga kwenye kanga kuukuu, kakipakata ndani ya basi kama mtoto mchanga. Nikamuuliza, ni nini hicho? Akasema, "Mtungi wa bibi, niliuona kule nyumbani Newala. Usifungue, mama! Nataka ukauone makumbusho." Mie nikadhani ni ule wa jikoni, wa kuwekea mbaazi za mbegu. Mikono ilikuwa imejaa unga. Sikufungua, na sikumuuliza aliukuta sehemu gani. Akaupeleka mwenyewe kwa dada Rehema, yule binti mwangalizi wa pale.

Mama gani haulizi? Mie ninayeuliza mtoto kama amevaa soksi, kama amekunywa uji, kama amepiga magoti kusali, siku ile sikuuliza.

Jana tukafika saa tatu. Kulikuwa na upepo mkali na vumbi, lakini watu walijaa. Uani waliweka vinu viwili, watoto wanatwanga kwa zamu. Baba mmoja mwenye tai alijitia kuwaonyesha, akapiga ukingo, mchi ukamruka. Mke wake akasema, "Ndiyo maana kwetu walikukataa mara ya kwanza." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Upande mwingine wanasuka ukili, wengine wanafinyanga udongo. Ndani kuna kengele ya zamani ya misheni, majembe ya wahunzi, na picha za akina bibi wenye ndonya, kile kigingi cha duara cha kwenye mdomo wa juu. Kuna katoto kamoja kalisimama mbele ya picha hizo, kameshika mdomo wake wa juu kwa vidole viwili, hakataki kuondoka.

Nilikuwa na furaha. Niandike na hilo, maana ni kweli. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Pasaka.

Zawadi akanivuta mkono mpaka chumba cha tatu, kwenye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Kulikuwa na vibatari, bao, miwani ya babu wa mtu, pasi ya mkaa. Katikati kabisa, mtungi.

Nikaujua kabla sijaufikia.

Una pengo mdomoni, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hilo pengo nililitia mimi. Nilikuwa na umri kama wa Zawadi. Zamani huku juu maji yalikuwa ya kushukia bondeni; unaamka jogoo hajawika, unarudi jua limepanda, na shingo hujui kama ni yako. Siku moja niliteleza pale kwenye mawe ya kupandia. Nikaudaka kabla haujavunjika wote, lakini ukagonga jiwe, kipande kikaruka. Nikalia njia nzima kwa kuogopa fimbo. Mama akautazama, akapitisha kidole penye pengo, akasema, "Sasa nitaujua hata gizani." Hakunipiga. Aliutumia mtungi ule mpaka alipoacha kuamka.

Na chini, kwenye kitako, una tundu.

Tundu hilo ndilo lililonisimamisha. Kwetu, mwanamke akifa, mtungi wake wa maji unatobolewa kitako na kuwekwa kichwani pa kaburi. Ukishatobolewa, aliye hai hautumii tena. Ni wa mwenyewe. Mapadri wetu huwa wanatia msalaba, na sie tunaweka mtungi, na hakuna aliyewahi kumgombeza mwenzake. Kitu kile hakiguswi. Hata mbuzi akikiangusha, anaitwa mtu mzima akirudishe.

Na mwanangu alikuwa ameung'oa, kausugua kwa mchanga na sabuni, kauleta mezani.

Kabla sijafungua mdomo, watu wakakusanyika na Rehema akamwambia asimulie. Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, kama yuko mbele ya mkaguzi.

"Huu ni mtungi wa bibi yangu, Mabeli. Kule kwetu Newala maji yalikuwa ya shida. Bibi alipopanda mche wa mkorosho, aliutoboa mtungi wake hapa chini, akauweka kwenye mche na kutia maji. Maji yakawa yanadondoka kidogo kidogo, mche haufi. Ndiyo maana nyumbani kwetu kuna mikorosho mingi."

Wakapiga makofi. Yule baba wa tai akasema, "Umwagiliaji huo! Wazee walikuwa na akili." Na kikadi kilikuwa kimeshaandikwa, kimeegemezwa pale: Mtungi wa kumwagilia miche.

Hakusema uongo. Mtoto kaona mtungi wenye tundu chini ya mikorosho, akajipa maana mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyempa. Nani angempa? Mama yake ndiye angemshika mkono akamwambia, hapa amelala bibi yako, na huu ni wake. Mama yake yuko uani anachambua mbaazi.

Bibi mmoja mtu mzima, simjui, alisogea kuutazama. Akanyoosha mkono, akaliona tundu, mkono ukarudi wenyewe. Akajifunika kanga vizuri, akaniangalia mie, siyo mtoto. Akatoka nje.

Nikamfuata Rehema, nikamwambia, naomba huu mtungi uuondoe mezani, uweke ndani kabatini. Akasema, "Mama Zawadi! Huu ndiyo watu wanaupenda kuliko vyote. Kwani una nini?" Ningemwambia. Badala yake nikasema naogopa usivunjike. Akanicheka kwa upole, akauzungushia kamba.

Niliogopa nini? Niliogopa aibu ya mtoto mbele za watu, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa jambo moja: Zawadi alikuwa amempigia mjomba wake simu aje kuona. Na kaka Hilari alikuwa njiani.

Huku kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anazaa, mjomba anasimamia. Kaka angeweza kumwambia Zawadi asikanyage tena nyumbani kwake, na hakuna ambaye angemuuliza. Nikawa natazama mlango. Mtu mrefu akipita, nageuza uso.

Akafika saa sita kasoro, kwa bodaboda, na koti lake la kanisani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Zawadi akamkimbilia.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mama. Haya, nionyeshe hicho kilichonifanya niache mikorosho yangu."

Wakaingia. Nikawafuata nyuma.

Kaka akafika mezani. Akasimama. Akauangalia mtungi, akaangalia kikadi, akavua kofia. Watu wengine wakadhani ni adabu ya makumbusho. Kisha akasema, "Haya, mama. Nisimulie."

Mtoto akamsimulia yote tangu mwanzo, mche, maji, kidogo kidogo. Kaka akasikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kuona mtu anasikiliza namna ile. Alipomaliza, akaniita, "Mama Zawadi." Basi.

Nikapiga magoti palepale sakafuni, na gauni langu la Pasaka. Nikasema, "Kaka, mtoto hana kosa. Hakuonyeshwa. Kosa ni langu mie nisiyekwenda." Nikayasema mbele ya Rehema na mbele ya watu, yote niliyokuwa nimeyaficha miaka tisa. Yalitoka kama mtu anayetapika.

Akanishika kiwiko akaniinua. Akasema, "Simama, unachafua nguo." Halafu akashusha pumzi. "Wiki mbili nautafuta. Nimeshamgombeza jirani kwamba ni mbuzi wake. Mzee wa watu amefunga mbuzi mchana kutwa kwa ajili ya uongo wangu. Itabidi nimpelekee jogoo."

Hapo nilicheka na kulia pamoja, sikujizuia.

Akachuchumaa, akamweleza Zawadi polepole lile tundu ni la nini. Mtoto akaangalia mikono yake. Akaificha nyuma. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimemwibia bibi?"

Kaka akasema, "Mtu haibi asichokijua. Ila akishajua, anarudisha."

Rehema alikuwa analia naye, maskini. Akaufunga mtungi kwenye ile kanga, akasema laiti angejua asingethubutu kuushika. Kikadi akakigeuza upande mweupe, akaniletea na kalamu: "Mama, pale mahali sitaweka kitu kingine. Andika wewe kinachofaa." Nikaishika kalamu. Watu wanaangalia, na mwandiko wangu naujua. Nikamwambia nitaandika nikirudi. Kikadi nimekitia kwenye pochi, ninacho hapa.

Tukapanda basi la jioni kuja huku, Zawadi katikati yetu, mtungi mapajani mwangu.

Sasa kosa la kwanza. Nilisema nitaweka lililo zito, na nimelizunguka tu.

Mama alipougua alituma niitwe mara tatu. Mara ya kwanza nikasema mtoto ni mdogo. Mara ya pili nikasema mvua. Mara ya tatu nikasema wiki ijayo. Watu wakanielewa, kila sababu ilikuwa ya kweli. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa. Mama yangu alikuwa mtu wa kubeba mtungi kichwani akipanda mlima huku anaimba, na nilisikia sasa anageuzwa kitandani. Sikutaka kumwona hivyo. Nilitaka abaki ninavyomjua. Nikajihurumia mie, yeye akawa anatazama mlango.

Nilifika wanaume wanaosha majembe.

Kuutoboa mtungi ni kazi ya binti wa kwanza. Ni mie. Sikuwepo, basi kaka akaushika yeye, kwa ncha ya panga. Niliambiwa alijaribu mara tatu, panga linateleza. Hilo tundu lililokwenda upande, lenye kingo zilizomeguka, ni la mkono wa kaka yangu akifanya kazi yangu. Jana kwenye basi nilitia kidole humo njia nzima.

Ukungu unaanza kupanda. Nauona mkorosho wa kwanza. Kaka anatafuta viatu.

Ninaogopa, jamani.

*

Saa saba mchana.

Tumerudi. Naandika haraka kabla sijaanza kupanga maneno.

Tulikwenda watatu. Kaka mbele na panga la kusafishia njia, Zawadi nyuma yake, mie nyuma kabisa na mtungi kichwani. Sikupanga. Niliunyanyua tu, ukakaa kichwani, shingo ikakumbuka. Kwenye mikorosho nikasimama. Hakuna aliyegeuka kuniambia twende, ila niliona Zawadi amepunguza mwendo.

Kaburi ni dogo kuliko nilivyolibeba moyoni. Msalaba umeliwa na mchwa, kimebaki kijiti kilichoinama; ndiyo maana mtoto hakuujua. Kichwani pana duara ambapo nyasi hazijaota, pale mtungi ulipokuwa umefudikizwa. Kaka amekuwa akifyeka. Miaka yote tisa alifyeka yeye.

Akasali kifupi. Kisha akaniambia, "Weka." Siku ya mazishi hakuna aliyenipa nafasi, maana sikuwepo; leo akanipa. Nikapiga magoti, nikautua. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu alfajiri. Yote yakapotea, likabaki moja.

"Mama, nimechelewa."

Kaka akanyoosha mkono ili aufudikize mtungi ulivyokuwa. Zawadi akasema, "Mjomba, subiri. Naweza kumtilia maji? Mara moja tu."

Nikadhani kaka atamkemea. Akajikuna kidevu, akasema, "Hilo wazee hawakutuambia." Baadaye kidogo, "Wala hawakutukataza. Kimbia."

Mtoto akakimbia mpaka kwenye tangi la maji ya mvua, akarudi na kata ya maji, ameishika kwa mikono miwili, anatembea kama amebeba moto. Akamimina. Tukasikiliza. Kwanza kimya. Kisha maji yakaanza kutoka chini, kwenye lile tundu la mkono wa kaka, yakaingia kwenye udongo wa mama yangu, kidogo kidogo.

Mama aliyeshuka bondeni maisha yake yote kutuletea sisi maji.

Tulikaa mpaka tone la mwisho. Hakuna aliyekuwa na haraka ya gari. Nikaweka kiganja pale palipolowa, nikakiacha hapo. Kisha kaka akaufudikiza mtungi, Zawadi akaukalisha vizuri kwenye lile duara, akaufuta tope kwa pindo la sketi yake. Njiani kurudi akamuuliza mjomba wake bibi alikuwa anaimba wimbo gani akipanda mlima. Kaka akasema hajui, muulize mama yako, yeye ndiye aliyekuwa nyuma yake. Nikauimba. Nilikuwa sijauimba tangu mama azikwe. Sehemu moja nimeisahau, na sasa hivi mtoto yuko uani anaipachika maneno yake mwenyewe. Sikumkataza.

Kaka ameshamchinja jogoo. Nikamkumbusha kwamba jogoo alikuwa wa jirani. Amesema jirani anakuja kula naye hapa hapa, na mbuzi wamefunguliwa.

Nimekitoa kile kikadi kwenye pochi. Kimekunjika pembe moja. Kesho jua likichomoza nitashuka Masasi, niende makumbusho kabla hata ya kukaanga vitumbua, nimwombe Rehema kalamu, niandike mbele yake na mbele ya atakayekuwepo, hata kama herufi zitapinda:

Hapa palikaa mtungi wa mama yangu, Mabeli. Pengo ni langu. Tundu ni la kaka. Maji ni ya mjukuu wake. Umerudi kwa mwenyewe.